Ameshavuka, Vuta!

"Namba saba anampiga chenga beki, anampiga tena, huyoo anaingia ndani ya boksi, kipa katoka, namba saba anapiga shu—"

Hapo ndipo sauti ilipokatika.

Uwanja mzima uligeuka. Waliokaa kwenye nyasi, waliopanda ukutani, hata mwamuzi msaidizi mwenye kibendera, wote waliitazama meza iliyokuwa chini ya turubai, ambako mjomba wangu alikuwa akibonyeza vitufe vya kisanduku cheusi mapajani mwake. Alibonyeza, akabonyeza tena. Spika zilikaa kimya. Na nyuma ya migongo yao mpira uliingia wavuni, goli zuri kuliko yote ya msimu ule, na nusu ya watu hawakuliona kwa sababu walikuwa wanamtazama mtangazaji.

"Shu nini?" mtu mmoja alipiga kelele kutoka ukutani. "Shuka? Shule? Tumalizie, bwana!"

Watu wakaangua kicheko. Mjomba naye alicheka, kwa mabega tu, maana ndivyo anavyocheka siku hizi. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kando yake na niliviona vidole vyake. Vilikuwa bado vinakibonyeza kile kitufe.

Baada ya filimbi ya mwisho alikuja Mwenyekiti wa kamati ya uwanja, mtu mnene, mwema, ambaye leso yake ya kufutia jasho haikauki. Alimshika Mjomba bega.

"Redio," alisema, kwa kuwa mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lingine, "mimi nakupenda, unajua. Umetutangazia mpira tangu nikiwa bado nina kiuno. Lakini Jumamosi ijayo ni fainali, na wageni watajaa. Hiki kisanduku kikinyamaza tena katikati ya mechi, kipaza sauti nitampa yule kijana wa mtaa wa juu. Na nikishampa sitaweza kumnyang'anya. Umenielewa?"

Mjomba hakuwa na cha kujibia. Mashine ilikuwa bado imezimia. Aliinua dole gumba, akaanza kukunja waya.

Ugonjwa wa koo ndio uliomchukulia sauti. Madaktari walimwambia mapema, bila kuzunguka: ili apone, wataondoa kile kiungo cha kooni kinachotoa sauti, na hatasema tena. Wakati huo nilikuwa nimetoka chuoni na nimeajiriwa kwenye karakana ndogo inayotengeneza vifaa vya wagonjwa, zikiwemo mashine za kusemea. Kwa hiyo kabla ya upasuaji tulijifungia chumbani kwake, tukaziba madirisha kwa mablanketi, nikarekodi sauti yake silabi moja moja. Ba, be, bi, bo, bu. Cha, che, chi, cho, chu. Kiswahili kina ukarimu huo: ukishakuwa na silabi zake, unaweza kujenga neno lolote, hata tusi. Kila silabi aliisema mara mbili, moja ya nyumbani na moja ya uwanjani. Tulipofika mwisho alitulia, akaitazama maikrofoni.

"Ndizo zote hizo?" aliniuliza. "Mimi nilidhani nina maneno mengi zaidi."

Nadhani ndiyo sentensi ya mwisho niliyomsikia akiisema kwa koo lake mwenyewe.

Alijifunza vitufe haraka kuliko mgonjwa yeyote tuliyewahi kumhudumia. Baada ya muda alibonyeza kama mtu apigaye kinanda, na silabi zikafuatana bila pengo, sauti yake ile ile, na utani wake ule ule. Wengine waliopewa mashine yetu walikuwa wakibonyeza "maji", "asante", "naumwa hapa", na mashine zao zilidumu hadi usiku zikazimwa. Mjomba pekee ndiye aliyeipeleka uwanjani.

Kabla ya ugonjwa, nyumbani kwetu kulikuwa na maneno ambayo Mama aliyasema kila siku, asubuhi akimmiminia mdogo wake chai na jioni akimpakulia chakula: "Hebu nyamaza!" Maana Mjomba alitangaza kila kitu. Mama akikata vitunguu, yeye alisimama mlangoni. "Anakata, anakata tena, machozi yanamtoka mama huyu lakini hakubali kushindwa!" Mama alimrushia maganda. "Hebu nyamaza, mdogo wangu, utanikatisha kidole!"

Tangu upasuaji Mama hakuwahi kuyasema maneno yale tena. Na baada ya aibu ya uwanjani hapakuwa na haja kabisa. Ukimuuliza Mjomba ameamkaje, alibonyeza "salama", basi. Ukimuuliza chai au maji, alionyesha kwa kidole. Rafiki yake kinyozi alikuja kumchokoza kuhusu timu yake, akamchokoza kushoto, akamchokoza kulia, Mjomba akawa anatabasamu tu, hadi kinyozi wa watu akaaga mapema.

"Redio imeisha betri," alimnong'oneza Mama mlangoni.

Nilikwenda kukaa naye barazani.

"Mjomba, mbona huongei?"

Alifikiri kidogo, kisha akabonyeza polepole: "Na-we-ka a-ki-ba. Ya Ju-ma-mo-si."

Alidhani maneno ndani ya kisanduku yanaisha, kama mafuta kwenye taa. Na kwa namna fulani hakukosea. Nilijikaza nisilie mbele yake, nikakichukua kisanduku na kukitia kwenye mkoba wangu.

Mkuu wa karakana yetu tunamwita Miwani. Mfumo endeshi wa mashine zile aliuandika yeye mwenyewe, tangu mstari wa kwanza, kwa sababu alitaka mfumo mdogo, mwepesi, usiokula betri ya mgonjwa. Ni kazi ya kujivunia na anajivunia. Jumatatu asubuhi alikipokea kisanduku, akakizima, akakiwasha, akangoja taa ya kijani, akabonyeza.

"Moja, mbili, tatu," ilisema sauti ya Mjomba, safi kabisa.

"Mzima huyu," alisema Miwani. "Waya za uwanjani kwenu ndizo mbovu."

Nyuma yake, ukutani, kulikuwa na karatasi yenye herufi kubwa: KABLA YA KUPIMA, WASHA UPYA. Ilikuwa sheria ya karakana. Miwani aliiweka kwa nia njema, ili kila kipimo kianzie mahali pamoja, pasiwe na masalia ya kipimo cha jana. Sote tuliifuata bila kuuliza. Siku ile niliisoma kama mara ya kwanza, nikaona tunafanya kama daktari anayemwambia mgonjwa akalale, ale ashibe, apone, kisha ndipo aje kupimwa.

"Bosi, naomba leo tusiwashe upya."

"Sasa tutapimaje?"

"Kama anavyopima Mjomba. Yeye hawashi upya katikati ya stori."

Miwani alisukuma miwani yake juu ya pua. "Kwani huyo mjomba wako anaongea kiasi gani?"

"Njoo umsikie."

Mjomba alifika kesho yake amevaa kofia yake ya uwanjani. Tuliunganisha kisanduku na skrini kubwa, ambako mstari wa buluu ulionyesha kumbukumbu ya mashine iliyobaki.

"Ongea chochote," nilimwambia. "Usiweke akiba."

Alinitazama kuona kama natania. Kisha akamtazama Miwani, kuanzia viatu kwenda juu, nikajua tumekwisha.

"Mabibi na mabwana, anaingia uwanjani bwana Miwani," spika ilitangaza. "Shati kalipiga pasi mbele, nyuma kaliachia Mungu. Anashika kidevu. Anafikiri. Anafikiri tena. Mashabiki wamesimama, je, atapata wazo leo? Analikaribia, analikosa, limetoka nje, ni mpira wa kuru—"

Kimya.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu sote tulikuwa tunautazama mstari wa buluu. Ulikuwa umeshuka kwa kila silabi, kama mtu anayeshuka ngazi, na sasa ulikuwa umelala chini kabisa. Tulingoja. Haukupanda.

Nieleze kidogo kilichokuwa kikitokea. Ndani ya kiini cha mfumo, kila silabi ikibonyezwa huzaliwa uzi. Uzi, kwetu sisi watu wa kompyuta, ni kazi ndogo inayojitegemea: unaichukua silabi, unaipeleka kwenye spika, basi, umekwisha. Na kila uzi ukizaliwa hupewa kipande chake cha kumbukumbu, mahali pa kusimama ufanyie kazi. Nyuzi zetu zilimaliza kazi vizuri, lakini mahali pao hapakurudishwa. Kila silabi ambayo Mjomba aliitamka tangu mashine iwashwe ilikuwa bado imo humo, imekalia nafasi yake, hadi ikakosekana nafasi ya silabi nyingine kuzaliwa. Mgonjwa wa "maji" na "asante" asingeufikia mpaka huo kwa siku moja, na usiku mashine huzimwa. Na sisi, tukitaka kupima, tuliwasha upya kwanza, tukafuta kila kitu, tukajisifu kwamba hakuna kitu.

Miwani alivua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Marehemu wote hawa," alisema, "na sikuweka mtu hata mmoja wa kuwazika."

Nilimgeukia Mjomba. "Maneno hayaishi, Mjomba. Umesikia? Hayaishi. Ni yale yaliyokwisha kusemwa ndiyo hatujayaondoa."

Alisimama, akamshika Miwani mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa kama mtu anayechota maji kwa pampu.

Kazi ya kurekebisha nilipewa mimi. "Wewe ndiye uliyeona," Miwani alisema. "Mimi nimeuangalia huu mfumo mpaka macho yamezoea."

Wazo langu la kwanza lilikuwa la adabu: kila uzi, kabla ya kuondoka, urudishe wenyewe kipande chake. Mtu akila si anaondoa sahani yake? Niliandika, nikabonyeza "ha". Spika ilitoa kelele kama bati linaloburuzwa kwenye saruji, na skrini nzima ikawa nyekundu. Nilikaa kuisoma ile nyekundu hadi nikaelewa. Ule uzi, wakati unarudisha mahali pake, ulikuwa bado umepasimamia. Hata kusema "nimemaliza, mwingine aingie" ni kazi, na kazi inahitaji mahali pa kusimama. Ulijivutia sakafu chini ya miguu yako mwenyewe, maskini.

Basi nikaweka uzi mwingine wa kudumu, tukauita Mfagiaji. Kila uzi ukimaliza unainua bendera, "nimekwisha", na Mfagiaji anakuja kurudisha kile kipande. Nilibonyeza sentensi ndefu. Mstari wa buluu ulishuka, ukapanda. Ukashuka, ukapanda! Miwani alipiga meza kofi, akatuma watu soda. Hadi mchana wa Jumatano tulikuwa tumeshajipongeza vya kutosha.

Alasiri akaja Mjomba na kofia yake. Akaanza kwa kasi ya mechi, mashambulizi ya kushtukiza, mpira kutoka bawa hadi bawa, na kabla haujafika langoni lile bati likaburuzwa tena.

Ukiongea polepole, mashine ni nzima. Ukiongea kwa kasi, inaanguka. Na haikuwa inaanguka mahali pamoja. Safari hii hapa, safari ile pale. Nilifuatilia hadi nikauona ufa wenyewe. Uzi ulikuwa unainua bendera ya "nimekwisha" halafu ndipo unatoka. Kati ya kuinua bendera na kutoka kuna muda mdogo mno, mguu mmoja nje na mwingine ndani. Mashine ikiwa na kazi chache, Mfagiaji hana haraka. Uwanja ukichemka, Mfagiaji yupo mlangoni tayari, anaiona bendera, anavuta, na mwenzake hajamaliza kutoka.

"Mwambie Mfagiaji asubiri kidogo," alisema Miwani.

"Kidogo kiasi gani, Bosi?"

Muda wowote tungeukisia tu, na kukisia kungetosha mpaka siku kutakapokosa kutosha. Mjomba alikuwa amewasha upya kisanduku. Alibonyeza, tena kwa ile sauti ya nyumbani.

"Na ikienda penati?"

Alivua kofia yake, akaiweka mfukoni.

Alhamisi ilikuwa siku ya Mama ya kufua mashuka. Nilikuwa nafunga viatu niende kazini, kichwa kizito, nikasikia ugomvi chumbani kwa Mjomba. Ugomvi wa mtu mmoja, kwa kuwa yeye alikuwa amegeukia ukuta na hataki kuamka.

"Inuka, nataka shuka."

Mjomba alitikisa kichwa.

"Inuka, wewe! Beseni limejaa, jua limetoka, na wewe umelala kama bwana harusi."

Mjomba alijishika paji la uso, kuonyesha kwamba anaumwa.

"Aa, mgonjwa? Sawa, mgonjwa." Mama alikunja mikono ya gauni. "Mwanangu! Njoo tumfanye kama hospitali."

Hospitalini, siku zile ambazo Mjomba hakuruhusiwa kuinuka, nesi alitufundisha kubadilisha shuka chini ya mtu aliyelala. Unaikunja ile chafu kwa urefu hadi mgongoni mwake, unatandika safi kwenye upande ulioachwa wazi, kisha unambingirisha avuke ule mkunjo aje upande safi. Mmoja anampokea, mwingine anavuta shuka chafu. Mama alikaa upande wa kuvuta, mimi upande wa kupokea. Mjomba alijilegeza, mzito kama mfuko wa saruji, macho kayafumba, anafurahia.

"Haya, moja, mbili, viringika! Umeshavuka?" aliuliza Mama, ambaye kwa upande wake aliona mgongo tu.

Mjomba aliinua dole gumba.

Mama akavuta. Na Mjomba akaondoka na shuka, kwa sababu mguu wake mmoja ulikuwa bado juu yake, akabaki ananing'inia ukingoni mwa kitanda, ameshika godoro, mabega yanamtetemeka kwa kicheko.

"Si umesema umeshavuka!" Mama alifoka. "Mjinga mimi niliyemwuliza mgonjwa. Nesi alitwambiaje? Anayempokea ndiye anayesema! Turudie."

Tulirudia. Mjomba alibingirika, na safari hii nilimpokea sawasawa, uzito wake wote mikononi mwangu, miguu yote miwili juu ya shuka safi.

"Ameshavuka," nilisema. "Vuta!"

Shuka ikatoka kama ulimi. Mama akaitupia kwenye beseni. Mimi nilibaki nimemshika Mjomba mabega, nimekodoa macho.

"Mama," nilisema, "anayempokea ndiye anayesema!"

"Si ndivyo nilivyosema?"

Nilikuwa nimeshafika mlangoni, kiatu kimoja hakijafungwa.

"Na foronya je?" Mama aliniita. "We mtoto! Foronya!"

Karakanani niliandika bila kuvua mkoba begani. Uzi uliomaliza hauinui bendera tena, hausemi lolote, unatoka tu. Uzi unaofuata ndio unaoingia, na ukishasimama kwa miguu yote miwili mahali pake wenyewe, jambo lake la kwanza kabla ya kazi yoyote ni kumsemea aliyetangulia: ameshavuka. Hapo, na si kabla ya hapo, Mfagiaji anavuta. Ilikuwa mistari michache tu. Juu yake niliandika maelezo kwa ajili ya atakayekuja kusoma: Anayepokea ndiye anayesema.

Miwani alisoma amesimama nyuma yangu. Alisoma tena.

"Na asipokuwepo anayefuata?" aliuliza. "Mtu amemaliza kusema, amenyamaza. Nani atampokea wa mwisho?"

Swali hilo nilikuwa nimelifikiria njia nzima.

"Upo ule uzi wa mapumziko, Bosi, uliouandika wewe mwenyewe. Unaokaa pale mashine ikiwa haina kazi. Huo nao unaingia, kwa hiyo huo nao unapokea. Hata kimya kina mtu wake."

Alikaa. Nilimwona anatabasamu peke yake, kama mtu aliyekuta fedha kwenye koti la zamani.

Mjomba aliitwa. Alivaa kofia. Alianza na kasi ya mechi, akaiongeza, akatangaza mechi ambayo haijawahi kuchezwa, timu mbili za wachezaji wenye hasira, kona juu ya kona, faulo, mashabiki kuingia uwanjani, mbwa kuingia uwanjani, refa kukimbizwa na mbwa. Mstari wa buluu ulishuka na kupanda, ukashuka na kupanda, kama kifua cha mtoto aliyelala. Tulingoja lile bati. Halikuja. Mjomba alisimama kupumzisha vidole, akautazama mstari ukipanda wenyewe hadi juu, na pale akaelewa bila mimi kusema neno. Aliinama akalibusu lile kasha jeusi, pwa!

Miwani aliibandua karatasi ya ukutani. Akaandika nyingine, ndogo, akaibandika juu ya kitufe cha kuzimia cha kisanduku: USIGUSE. Kisanduku hakikuzimwa tena, si Alhamisi wala Ijumaa. Ijumaa yote karakana haikufanya kazi ya maana kwa sababu mtangazaji alikuwa akitangaza kila aliyeinuka kwenda chooni.

Jumamosi wageni walijaa kweli. Mama alikuja na kiti chake cha kukunja, Miwani akaja na shati lililopigwa pasi pande zote. Yule kijana wa mtaa wa juu alikuwepo pia, amekaa nyuma ya Mwenyekiti, kipaza sauti mapajani, kijana mpole asiyejua aangalie wapi. Sikumchukia. Mjomba alimpa mkono, kisha akageukia uwanja.

Kipindi cha kwanza kikapita. Pale ambapo wiki iliyotangulia sauti ilikatika, nilishika ukingo wa meza. Sauti ikapita kama mtu anayepita nyumba ambayo zamani ilikuwa na mbwa. Kipindi cha pili kikaisha sare. Mwenyekiti alikuwa ameshalowesha leso na sasa anatumia mkono wa shati. Muda wa nyongeza, sare tena. Mjomba hakuwa amepumzika. Alikuwa ametania kipara cha refa, amemwombea heri namba kumi na moja ambaye mkewe amejifungua, amewaambia waliopanda ukutani kwamba ukuta umelalamika.

"Ni penati!" alitangaza, akanigeukia, akanikonyeza.

Wakapiga, wakapata. Wakapiga, wakakosa. Ikabaki moja, ya timu yetu, na aliyeubeba mpira ni namba saba. Aliuweka. Akarudi nyuma.

"Namba saba," ilisema sauti ya Mjomba. "Kipa anacheza na mikono. Namba saba anavuta pumzi. Namba saba anakuja, anapiga shu—"

Kimya.

Uwanja mzima uligeuka. Mwenyekiti aliruka kutoka kitini na kumpungia kijana, na kijana akainua kipaza sauti. Nilimtazama Mjomba: vidole vyake vilikuwa hewani, juu ya vitufe, vimetulia. Havikuwa vinabonyeza chochote. Namba saba naye alikuwa amesimama katikati ya hatua, kama waliopatana. Mashine ilikuwa nzima. Huyu mtu alikuwa anawaweka watu roho juu kwa makusudi.

Namba saba akapiga. Vidole vikashuka.

"—ti! Goo! O! O! O! O! O! O! O! O!"

Aliibonyeza ile o bila kuhesabu, bila kuweka akiba, moja inazaliwa, moja inaondoka, moja inampokea mwenzake, na sauti ikanyooka juu ya uwanja wote, ikaenda hadi kwenye mapaa, na wachezaji wakarundikana juu ya namba saba wakainuka wakarundikana tena na bado o ilikuwa inaendelea. Miwani alikuwa anapiga kelele pamoja nayo, miwani mkononi, haoni kitu. Yule kijana wa mtaa wa juu alikuwa amekiweka kipaza sauti kwenye nyasi ili apate mikono ya kupigia makofi.

"Kumbe ni shuti!" alipiga kelele yule mtu wa ukutani. "Wiki nzima nimengoja!"

Mwenyekiti alikuja anahema, akamkumbatia Mjomba na leso yake na jasho lake. "Nusura uniue, Redio! Msimu ujao na unaofuata, umenielewa? Na usirudie tena huo upuuzi."

"Nitarudia," ilisema spika, uwanja mzima ukisikia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi nimebeba waya, Mama kiti chake, Mjomba kisanduku kifuani. Hakunyamaza. Alitangaza jinsi Mama alivyovuka barabara, kulia akatazama, kushoto akatazama, mwendo wa twiga. Alitangaza paka. Alitangaza duka la kinyozi, na kinyozi akatoka na mteja mwenye nusu ya nywele kuja kumtukana kwa furaha. Tulipofika mlangoni Mama aliingiza mkono kwenye pochi kutafuta funguo.

"Anatafuta," alisema Mjomba. "Anatoa kitambaa, siyo chenyewe. Anatoa pipi, siyo yenyewe. Mashabiki wana njaa. Anaingia tena ndani ya pochi, anapita wa kwanza, anapita wa pili—"

"Hebu nyamaza, mdogo wangu! Unanichanganya!"

Mama aliganda. Alijisikia alichokisema. Alitutazama, mkono bado umo kwenye pochi, na macho yake yakajaa.

Mjomba alimpa nafasi, kidogo tu, ya kujifuta kwa kitambaa. Kisha akabonyeza, kwa sauti ya uwanjani.

"Sinyamazi! Mama huyu amezipata, amezipata funguo, anakwenda nazo mlangoni, hakuna wa kumzuia..."